Karatasi ya Mnyauko

Somo lenyewe sikulitaka. Nalisema mapema ili mtu asije akanidhania mwanafunzi wa kuketi mbele na kutikisa kichwa kila mwalimu akikohoa. Nilikuwa mtu mzima mwenye kazi yake, afisa wa nyanjani wa mradi wa viazi, nimekanyaga matope ya Kuresoi na Keringet misimu mingi kabla ya kuambiwa kwamba asiye na digrii hapandi cheo. Basi nikajiandikisha chuo kimoja Nakuru mjini, masomo ya Jumamosi. Kusoma udongo nilikubali. Kusoma magonjwa ya mimea nilikubali. Lakini kukalishwa asubuhi nzima nifundishwe mawasiliano ya kazini na kijana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wa mama yangu, hiyo ilinikaa kooni.

Siku hiyo kijana wetu aliingia na kalamu yake ya ubao, akasema kila mmoja atafute maandishi ya kazini kwake ayachambue. Si kitabu, si gazeti. Kitu ambacho watu wa kazi yenu wanaandika kila siku, alisema, na ambacho hakuna mtu hukaa chini kukiangalia. Akaandika maswali ubaoni. Nani ameandika? Anamwandikia nani? Anataka msomaji afanye nini akimaliza kusoma? Na mwisho akasema tumtafute msomaji mmoja wa kweli, tumuulize alielewa nini.

Nesi mmoja aliyekuwa ameketi karibu nami alicheka, akaninong'oneza kwamba yeye ataleta tu mwandiko wa daktari wao, mwalimu akiweza kuusoma basi amefaulu yeye. Nilicheka pia. Lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Nina ripoti za kumaliza, nina wakulima wananingoja, na huyu anataka niulize watu kama walielewa karatasi.

Nilichagua kile kilichokuwa karibu. Kwenye mkoba nilikuwa na nakala zilizobaki za tahadhari ya mnyauko, karatasi ambayo mradi wetu ulikuwa umewagawia wenyeviti wa vikundi kwenye baraza la chifu mwezi uliotangulia. Mimi mwenyewe ndiye niliyezibeba kutoka ofisi kubwa mjini hadi huko juu.

Kwa asiyejua, mnyauko ni ugonjwa wa viazi unaokaa udongoni. Asubuhi mmea umesimama vizuri, saa sita jua likiwaka unalegea kama mboga iliyopitishwa kwa maji moto, na ukigusa udongo chini yake bado una unyevu. Ukikata kiazi kinatoa maji mazito meupe kama usaha. Hauna dawa. Ukishaingia shambani umeingia, na viazi hutapanda hapo tena kwa miaka. Unaingia kwa mbegu mbovu, na unaingia kwa udongo ulioganda kwenye jembe na gambuti, hizi buti za mpira, za mtu aliyetoka shamba lenye ugonjwa. Ni ugonjwa wa kubebwa na watu wazuri wanaokuja kukusaidia.

Mchana niliketi kwenye hoteli moja karibu na chuo, nikaagiza chai na chapati, nikaanza kusoma ile karatasi polepole, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma hivyo. Nani ameandika? Haikusema. Juu palikuwa na nembo za wafadhili zilizokula karibu robo ya ukurasa. Aya ya kwanza ilikuwa ya kushukuru washirika. Ya pili ilieleza malengo ya mradi. Ugonjwa wenyewe ulifikiwa kule chini, mtu ameshachoka. Upande wa mbele ilikuwa Kiingereza, na nyuma Kiswahili cha mtu fulani wa mjini ambaye naapa hajawahi kushika jembe. Ilisema inapendekezwa mimea iliyoathirika iondolewe ipasavyo, na zana zote zitakaswe kwa kemikali stahiki kabla ya matumizi katika eneo jingine.

Zitakaswe. Huko kwetu kinachotakaswa ni roho ya mtu, na inatakaswa Jumapili. Kemikali stahiki ni gani? Ni jiki, ile ile ya kufulia nguo nyeupe, iko kwa kila duka kutoka Molo hadi Keringet. Kwa nini mtu asiandike jiki? Nilimaliza chai nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Na chini kabisa ya karatasi palikuwa na nafasi za majina ya wenyeviti, nambari za vitambulisho na sahihi zao, na pembeni mhuri wa mradi, mkubwa, wa mviringo, wa wino wa zambarau.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: maswali ya yule kijana ndiyo yaliyonikalisha chini. Bila yeye ningeendelea kugawa hizo karatasi hadi nistaafu.

Kesho yake, Jumapili, nilipanda kwenda nyumbani. Mama yangu anaishi upande wa Kuresoi, mjane, na ana shamba moja tu la viazi. Hilo ndilo limetulea sote, na hilo ndilo analokula hadi leo. Mama hanunui mbegu za barabarani. Anatembea shambani viazi vikianza kutoa maua, anachomeka kijiti kando ya kila mmea uliostawi vizuri, na mbegu ya msimu unaofuata inatoka kwenye vile vijiti tu. Mnyauko haujawahi kukanyaga kwake. Ng'ambo ya kijito anaishi rafiki yake, mwenyekiti wa kikundi chao cha kusaidiana. Waliolewa kwenye ukoo mmoja mwaka mmoja, wamezikiana waume, wakigombana hawapitishi wiki. Kwa sababu alikuwa amepewa ile karatasi kwa mkono wake, nikaamua yeye ndiye atakuwa msomaji wangu wa kweli.

Nilimkuta ametoka kanisani, anabadilisha viatu mlangoni. Tulisalimiana vizuri, akaniletea kiti nje, nikamuuliza kama bado ana ile karatasi ya baraza.

"Nitaipoteza aje hiyo?" aliniambia. Akaingia chumbani, akakaa kidogo, akatoka nayo. Jamani. Alikuwa ameipeleka Molo ikafunikwa kwa plastiki ngumu pande zote mbili, vile watu hufanya cheti cha shule. "Ndio mvua isiiguse," alisema. "Hii huwa nimeweka pamoja na ile ya shamba."

"Uliisoma, mama?"

"Nilisomewa juu juu. Imeandikwa viazi, imeandikwa ugonjwa. Majina yetu iko hapa chini na vitambulisho, na mhuri ndio huu. Sasa tunangoja tu."

"Mnangoja nini?"

"Si mje mhesabu," alisema, akaniangalia kama mtu anayeulizwa swali la mtego.

Nilielewa papo hapo. Lazima mtu ajue huko kwetu watu wameandikishwa mara ngapi. Baridi kali ikichoma viazi, watu wanaandikishwa. Mvua ya mawe ikipiga, wanaandikishwa. Watu walipofukuzwa manyumbani wakati wa vurugu za uchaguzi wakalala kwenye mahema, waliandikishwa hadi vidole vikachoka. Jina, kitambulisho, sahihi, mhuri, halafu unangoja kuhesabiwa, na ukihesabiwa huenda ukapata mbegu au unga. Mwenye karatasi alipata. Asiyekuwa na karatasi aliambiwa jina lake halionekani. Sasa wewe uletewe karatasi ya ugonjwa wa viazi yenye jina lako na mhuri, utaelewa nini? Mimi mwenyewe, kama singekuwa wa ofisi, ningeelewa hivyo hivyo.

Akanishika mkono akanipeleka shambani kunionyesha. Katikati ya viazi vya kijani palikuwa na mimea imelala, hapa mmoja, pale mitatu, kule kando mstari karibu mzima. Na kila mmea uliolala ulikuwa na kijiti kando yake, na kwenye kijiti kitambaa chekundu kimefungwa. Alikuwa amekata sweta kuukuu la shule.

"Nimewawekea alama," aliniambia, na alikuwa anajisikia vizuri kabisa. "Msisumbuke kutafuta. Watoto walitaka kung'oa nikawakataza. Nikishang'oa mtahesabu nini?"

Sijui kama nimewahi kuona uchungu kama ule. Watu wengine hukasirika wakitukanwa. Mimi nilikasirika nikiangalia vitambaa vya sweta vimefungwa vizuri hivyo, fundo moja moja, na mtu ambaye anafuata maagizo kuliko mtu yeyote ninayemjua.

"Mama," nikamwambia, "hii karatasi si ya kuhesabiwa. Inasema hizi zote mng'oe, mzike mbali. Na jembe muoshe."

Alicheka, si kwa ubaya. "Mwanangu, karatasi ya kuniambia ning'oe viazi yangu mwenyewe inataka kitambulisho yangu ya nini?"

Nikajaribu kumsomea, akanisikiliza kwa adabu, lakini niliona uso wake umefunga. Akaniambia pole kwamba watu wa ofisi ndogo hawaambiwi kila kitu, si makosa yangu, na kwamba kama majina ni machache, mtu asimlaumu yeye kwa kuwa lake liko. Mimi nilikuwa na mdomo tu. Yeye alikuwa na mhuri.

"Kikundi kimepalilia hapa lini?" nikamuuliza.

"Alhamisi. Jumanne tuko kwa mamako."

Nilivuka kijito nikikimbia, na mimi si mtu wa kukimbia. Kikundi chao ni cha watu wazima kumi na kitu, wanaume na wanawake, wanazunguka shamba hadi shamba, kila mtu na jembe lake begani. Hakuna anayeosha jembe. Utaosha jembe ya nini na kesho unalima tena? Kwa hivyo udongo wa ng'ambo, ule wenye vitambaa vyekundu, ulikuwa umeganda kwenye majembe yote, umelala kwenye kona za nyumba zao, unangoja Jumanne.

Mama alikuwa jikoni. Nilimweleza kila kitu, na yeye, asante Mungu, aliniamini. Alikaa kwenye kigoda akaweka mikono magotini. Nikamwambia ni rahisi: Jumanne aweke maji langoni na jiki, kila mtu aoshe jembe na gambuti kabla ya kuingia.

"Sitaweza," alisema.

"Kwa nini, mama?"

"Mtu ametoka kwake na giza kuja kunilimia bure, nimpokee langoni na ndoo, nimwambie yeye ni mchafu? Na huyo mwenzangu wa ng'ambo nimwambie nini? Kwamba shamba yake inaoza, asiniletee?" Alitikisa kichwa. "Hapana. Wacha kiazi kiende. Watu siwezi kuwafukuza."

"Mama, ikiingia hutapanda tena. Utakula nini?"

"Nimesikia." Akachochea moto. "Ingekuwa imetoka ofisi, na mhuri, singekuwa mimi nasema. Ingekuwa ni karatasi inasema. Hapo hakuna mtu angekasirika."

Basi shamba la mama likawa limebaki kwenye mhuri. Na mhuri uko kwenye droo ya mkubwa wangu, kule ofisi kubwa mjini.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu kabla hajamaliza chai. Nilimwambia watu wameielewa vibaya ile tahadhari, wanaacha mimea yenye ugonjwa ndio tuje kuihesabu, na hata wanaifungia vitambaa.

"Nani amewaambia tunahesabu?"

"Karatasi yenyewe. Ina majina, ina kitambulisho, ina mhuri."

"Hiyo ni ya ripoti," alisema. "Lazima tuonyeshe watu wamefikiwa."

"Wamefikiwa na nini sasa, mkubwa? Nipe ruhusa niandike nyingine fupi, maneno machache, nije mjini nigonge mhuri, kesho asubuhi iko langoni."

Alipumua kwenye simu, pumzi ya mtu anayevumilia mjinga. Akaniambia hiyo karatasi ilipitishwa na kamati, wafadhili wakaiona, na hata yeye hawezi kugusa nukta. Kwani nilitaka mradi uandike kama watoto wa shule ya msingi? Watu wanajua kusoma siku hizi. Kisha akasema lile neno ambalo nikilikumbuka damu inachemka upya.

"Na usianze kuandika mambo yako huko. Wewe kazi yako ni kupeleka, si kuandika."

Kupeleka. Misimu yote ile, mvua yote ile, kumbe nilikuwa punda wa kubeba mizigo na sikujua. Nilikata simu kwa sababu nikiendelea ningesema maneno ambayo hata mama angesikia akiwa Kuresoi. Mtu ambaye hajui hata choo cha wakulima wake kiko upande gani, ananiambia watu wanajua kusoma. Watu wanajua kusoma, ndiyo. Nyinyi ndio hamjui kuandika.

Katika hasira hiyo nilimpigia pia mwalimu wa chuo. Nilidhani, yeye ndiye mtu wa maandishi, labda atanipa neno la kumshawishi mkubwa. Nikamsimulia vitambaa, plastiki, kitambulisho. Alisikiliza hadi mwisho, halafu akafurahi.

"Wewe, hiyo ni pointi kali sana," alisema. "Huo ndio uchambuzi sasa. Andika yote hivyo hivyo, usiache kitu."

"Mwalimu, kesho wanaingia kwa mama yangu na hayo majembe."

"Ndiyo, ndiyo. Hata hiyo weka."

Nikamwambia asante, kwa sababu nililelewa vizuri.

Mchana nikaenda dukani Keringet nikanunua kalamu nene nyeusi na chupa mbili za jiki. Kadibodi nilipewa bure, ilikuwa ya kubebea sabuni. Nikaiweka juu ya meza ya ofisi yetu ndogo hapo Keringet, mlango wazi, saa za kazi, kwa makusudi kabisa, nikaandika. Nilikuwa na maswali ya yule kijana kichwani na hasira ya mkubwa mkononi, na sijui ni nini kiliandika zaidi. Nani anaandika? Mimi. Namwandikia nani? Mtu amesimama langoni na jembe begani, umande bado haujatoka, anataka kuanza kazi. Nataka afanye nini?

*Jembe yenye udongo ya shamba ingine isiingie hapa. Osha jembe na gambuti na maji mpaka udongo yote itoke. Halafu mwagia jiki. Kiazi ikinyauka na chini kuna maji, huo ni ugonjwa. Ng'oa. Zika mbali na shamba. Usitupe kwa mto, usipee ng'ombe. Shamba ikishapata huu ugonjwa hutapanda viazi hapo miaka mingi. Hakuna mtu anakuja kuhesabu.*

Mwalimu wangu wa Kiswahili wa shule ya upili angeniadhibu kwa zile ngeli. Angenipiga na bado ningeandika hivyo hivyo.

Jumanne nilivaa jaketi la mradi. Lilikuwa na nembo kifuani, na kwa kuwa nilinyimwa mhuri, nikaona wacha nembo isimame mahali pake. Niliifunga kadibodi kwenye nguzo ya lango la mama, nikaweka ndoo mbili za maji, karai, brashi ya kufulia na jiki. Mama alisimama nyuma yangu na leso yake, amekunja uso kama mtu anayengoja kutukanwa.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani wa juu, mzee mcheshi ambaye huwa hana haraka. Alisoma kadibodi yote, midomo inacheza, akaangalia ndoo, akaniangalia mimi.

"Kwani sisi ni ng'ombe, tupitishwe kwa dipu ya kupe?" aliuliza.

"Hata ng'ombe wako huwa unapitisha dipu, mzee," nikamjibu. "Ama humpendi?"

Akacheka, lakini hakusogea. Wengine walikuwa wanafika, wanasimama nyuma yake, wanasoma, wananong'onezana. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti kwamba kumbe siku hizi kusaidia mtu ni mpaka uoge. Nilihisi mama akisinyaa nyuma yangu. Hapo ndipo aliponipita. Alichukua jembe lake mwenyewe, ambalo pia lilikuwa limetoka ng'ambo Alhamisi, akainama kwenye karai mbele yao wote, akalisugua kwa brashi hadi chuma kikaonekana. Akavua gambuti akaziosha nyayo. Akamwagia jiki. Kisha akaingia shambani kwake, akaanza kupalilia peke yake.

Yule mzee akaweka jembe lake chini. "Haya," alisema, "kama mwenye shamba ameoga, mimi ni nani."

Wakaosha, mmoja baada ya mwingine. Walilalamika maji ni baridi, wakataniana, lakini waliosha. Viazi vya mama vilitoka safi msimu huo, nalisema hapa ili nisimweke mtu roho juu. Barua ya kunitaka nijieleze kwa nini nimesambaza maandishi bila idhini ilikuja pia, na niliijibu kwa mistari michache. Na chuoni nilipata alama nzuri. Hayo yote yalipita. Linaloniwasha hadi leo ni lile lililofuata.

Mwenyekiti alifika wa mwisho. Alikuwa na jembe begani, udongo mkavu umeganda hadi kwenye mpini, na kwapani alikuwa na ile karatasi ya plastiki. Nadhani mtu alikuwa amemwambia njiani kwamba nimeweka yangu langoni. Hakunisalimia. Alisimama mbele ya kadibodi, akafuata maneno kwa kidole, polepole, hadi mwisho, halafu akarudia mstari wa mwisho.

"Weka yako hapa, na yangu hapa," alisema. "Unisomee moja moja. Usiruke."

Nikashika karatasi yake nikaisogeza karibu na kadibodi. Nilisoma mahali paliposema mimea iondolewe ipasavyo, nikamwonyesha kwangu paliposema ng'oa. Nilisoma zana zitakaswe, nikamwonyesha karai. Nilisoma kemikali stahiki, nikainua chupa ya jiki. Wale waliokuwa wameshaingia shambani waliacha kulima, wakatuangalia. Mama alikuja akasimama upande wa ndani wa lango.

"Kuhesabu iko wapi?" mwenyekiti aliuliza.

"Haiko, mama."

"Angalia vizuri. Hapa mbele, kwa Kizungu."

"Huko pia haiko."

"Mbegu ya kutupatia?"

"Haiko."

Kisha akaweka kidole kwenye jina lake, juu ya ile plastiki, mahali nambari ya kitambulisho chake ilipokuwa imeandikwa kwa mwandiko wake wa kubonyeza sana.

"Na hii ilikuwa ya nini?"

"Ya kuonyesha ofisi kwamba uliambiwa. Nakala yake wanayo."

"Kwa hivyo nilitia sahihi kwamba nimeambiwa."

"Ndiyo, mama."

"Na sikuwa nimeambiwa."

Mama alinyoosha mkono kumshika, yeye akautoa kwa upole. Mimi nilikuwa nimekasirika, na kati ya watu wote waliokuwa pale langoni hakuna hata mmoja aliyestahili hiyo hasira. Wenyewe walikuwa mjini, wameshika chai.

Aliniachia ile karatasi, akapiga magoti kando ya karai, akaanza kuosha jembe lake. Alilisugua kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote, hadi mpini, hadi kule chuma kinapoingia kwenye mti, maji yakawa mekundu na mama akayamwaga barabarani akamwekea mengine. Alipomaliza alishika goti, akainuka, akatazama ng'ambo ya kijito, kwake, halafu akaniuliza akirudi nyumbani aanze kung'oa kutoka upande gani.